Swali la ngazi limenimaliza kwenye testi ya statiki: kwani msuguano si miu mara N?

mwakawakwanza ameandika:

Habari zenu wakuu. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi, mwaka wa kwanza, muhula wa kwanza. Juzi tumerudishiwa testi ya kwanza ya mekanika, upande wa statiki (kani kwenye vitu vilivyotulia), nimepata 11 kati ya 30. Tangu nianze shule sijawahi kushika alama ya namna hiyo. Sekondari fizikia ndiyo lilikuwa somo langu, wenzangu walikuwa wanakuja niwaelekeze. Siku ya tatu leo nimekaa na hii karatasi, naomba mnisaidie. Testi ya pili iko wiki tatu mbele.

Swali lenyewe ni hili. Ngazi ya mita 5, uzito nyutoni 200, imeegemezwa kwenye ukuta laini usio na msuguano. Mguu wa ngazi uko mita 3 kutoka ukutani, na miu (kipimo cha msuguano) ya sakafu ni 0.5. Sehemu (a): ngazi ikiwa imetulia, tafuta msuguano kwenye mguu wake. Sehemu (b): mtu wa nyutoni 600 anaanza kupanda, atafika umbali gani juu ya ngazi kabla haijaanza kuteleza?

Kwenye (a) niliandika mstari mmoja: N (kani ya sakafu kuisukuma ngazi juu) ni 200, msuguano ni 0.5 × 200 = nyutoni 100. Nikahamia (b). Nikaona uzito sasa umekuwa 800, kwa hiyo msuguano 400, hapo nikakwama, maana sikuwa na mlinganyo wowote ulio na umbali ndani yake. Muda ulikuwa unaisha, nikaandika N = W kosaini θ (uzito mara kosaini ya pembe) kama tulivyofanya kwenye mteremko, ikatoka namba, nikaipigia mstari chini. Msahihishaji amekata (a) yote na (b) karibu yote, na pembeni ameandika maneno matatu kwa wino mwekundu: "Mchoro uko wapi?"

Mchoro si ulikuwa kwenye karatasi ya maswali? Ngazi ipo, ukuta upo, vipimo vipo. Kwa nini niuchore tena?

Kinachoniuma ni kwamba nilipiga msuli kweli. Nina daftari la kanuni zote na nimezishika kichwani, hadi ile ya Varignon ya momenti (kani mara umbali wake, yaani uwezo wake wa kuzungusha). Swali la kujumlisha vekta nilipata 8 kati ya 8. Mtu akinipa kani zikiwa zimeshachorwa, natafuta jibu bila shida. Akinipa picha ya kitu chenyewe, ngazi au bimu au mlango, kani sizioni. Naiona ngazi tu.

Kwa hiyo ninauliza mawili. Kwa nini 100 si sahihi? Na nyie mliopita hapa, mnajuaje ni kani zipi ziwepo kwenye swali na zipi zisiwepo? Wenzangu wananiambia nitafute desa la mitihani ya nyuma nifanye yote. Kama ndiyo njia nitafanya, ila ninaogopa nitafanya maswali mia nikiwa nimekosea vilevile mara mia.

---

msuli247 amejibu:

Mkuu usikate tamaa, hilo somo linaangusha wengi. Mimi nililipita kwa mitihani ya nyuma. Maswali ya statiki yanajirudia: ngazi, bimu, kenchi, kreni, fremu, basi. Ukifanya mengi macho yanazoea. Fanya matano kila siku na usiangalie majibu kabla hujamaliza. Na kikokotoo chako hakikisha kiko kwenye digrii, kuna jamaa yangu alifanya testi nzima kikiwa kwenye radiani.

---

Penseli_HB amejibu:

Mdogo wangu, pole sana, na asante kwa kuandika ulichokifanya mstari kwa mstari. Wengi wakija kuuliza wanasema tu "sielewi statiki", inakuwa vigumu kumsaidia mtu. Wewe umeonyesha ulipojikwaa.

Nasahihisha mazoezi ya statiki ya mwaka wa kwanza, huu ni mwaka wa sita. Kabla ya hapo nililirudia somo hili kwa sapu (mtihani wa marudio), nitakueleza kwa nini. Simpingi msuli247, maswali lazima ufanye. Lakini woga wako wa kukosea vilevile mara mia una msingi, nimeona daftari za namna hiyo.

Tuanze na 100. Tulichukue jibu lako kama ni sahihi kwanza, halafu tuione ngazi itafanya nini.

Simama kwenye mguu wa ngazi, uchukue momenti hapo. Kani zote mbili za sakafu, ya kwenda juu na ya msuguano, zinapita kwenye nukta hiyo, kwa hiyo hazizungushi kitu. Zimebaki mbili. Uzito unashuka katikati ya ngazi, na kwa kuwa mguu uko mita 3 kutoka ukutani, katikati iko mita 1.5 kwa mlalo. Ukuta unasukuma kwa mlalo kwenye ncha ya juu, kimo cha mita 4 (pembetatu ya 3, 4, 5). Kwa hiyo 200 × 1.5 = 300, gawanya kwa 4, ukuta unasukuma kwa nyutoni 75. Namba hii imepatikana bila kuigusa miu kabisa.

Sasa tazama kani za mlalo. Ziko mbili tu: ukuta unaisukuma ngazi kuiondoa ukutani kwa 75, na sakafu inaukokota mguu kuurudisha ukutani kwa kiasi ulichoandika wewe, 100. Inazidi 25. Maana yake ngazi iliyoegemezwa pale, hakuna mtu anayeigusa, itaanza yenyewe kusogea kuelekea ukutani. Umewahi kuona ngazi ikifanya hivyo?

Msuguano hauna nguvu yake ya kuanzisha jambo. Unajibu tu. Ukisukumwa kwa 75 unarudisha 75. Chukua boksi la nyutoni 100 sakafuni, miu 0.4, ulivute kwa nyutoni 20. Msuguano ni 20. Ungekuwa 40, boksi lingekimbia kinyume na unakolivuta. Hiyo 40 ni kikomo, kiasi cha juu kabisa ambacho sakafu inaweza kutoa kabla haijashindwa. Kwa hiyo miu mara N andika katika hali mbili tu: kitu kikiwa kinateleza tayari, au swali likisema kiko ukingoni mwa kuteleza. Nje ya hapo msuguano ni herufi F isiyojulikana kama zisizojulikana nyingine, unaitafuta kwa msawazo (kani zote zijumlike kuwa sifuri), ndipo unailinganisha na kikomo. Kwenye swali lako F ni 75, kikomo ni 100, ngazi inasimama.

Sasa nije kwenye maneno mekundu, maana hapo ndipo alama zako zilipo.

Picha ya kwenye karatasi ya maswali inaonyesha ngazi, ukuta na sakafu vikiwa pamoja. Mchoro wa mwili huru unaonyesha ngazi peke yake. Ukuta haupo tena. Sakafu haipo tena. Vimeondolewa, na mahali pa kila kimoja imebaki kani tu. Ni kazi ya kukata, na anayeamua wapi pakatwe ni wewe, si aliyetunga swali. Usipochora, hujakata. Usipokata, kani bado zimefichwa ndani ya miguso na huwezi kuziona hata ukikodoa macho. Ndiyo sababu unaiona ngazi tu.

Fanya hivi, na ufanye kwa mkono wako, usisome tu. Weka karatasi nyembamba juu ya picha. Kwa penseli fuatisha ngazi peke yake. Toa karatasi pembeni uiweke mahali peupe, ile picha uifunike kabisa. Sasa weka kidole kwenye ncha moja ya ngazi uliyoichora, ukitembeze kuizunguka yote polepole. Kila palipokuwa pameguswa na kitu, simama uulize swali moja: hapa ngazi ilizuiwa kwenda wapi?

Ncha ya juu iligusa ukuta laini. Ilizuiwa kuingia ndani ya ukuta, basi. Kupanda au kushuka haikuzuiwa, maana ukuta ni laini. Kwa hiyo mshale mmoja, wa mlalo, unaotoka ukutani. Mguuni iligusa sakafu. Ilizuiwa kuzama chini: mshale wa kwenda juu, N. Ilizuiwa kuteleza: mshale wa mlalo, F. Kidole kikimaliza mzunguko, ongeza uzito katikati, ambao ndio pekee unaofanya kazi bila kugusa. Mishale minne. Isiyojulikana ni mitatu, na una milinganyo mitatu: ya mlalo, ya wima na ya momenti. Hapo hata kama mkono unatetemeka swali limekwisha.

Kile kitu chako cha W kosaini θ kilitoka kwenye boksi lililokaa juu ya mteremko. Pale sakafu yenyewe imeinama, ndiyo maana kosaini inaingia. Kani ya mguso N siku zote hukaa pembe mraba na uso unaogusa, na ukubwa wake unatafutwa upya katika kila swali. Hakuna kanuni ya N ya kukariri. Nakuomba uifute kwenye lile daftari leo.

Sasa hadithi ya sapu yangu. Swali lilikuwa bimu ya mita 6, kushoto imeshikwa na bawaba, kulia imekaa juu ya rola, mzigo wa kN (kilonyutoni) 12 uko mita 2 kutoka kushoto. Nilichora kani mbili kwenye bawaba, vizuri. Kwenye rola nikachora mbili pia, kwa sababu kwenye daftari langu niliandika "egemeo lina kani mbili". Nikawa na zisizojulikana nne na milinganyo mitatu. Nilikaa dakika arobaini nikitafuta mlinganyo wa nne, nikiamini upo na mimi ndiye sikumsikiliza mwalimu siku hiyo. Haukuwepo. Mtu ambaye angeniuliza tu "rola inazuia bimu kwenda wapi?" angeniokoa. Rola inabiringika. Haizuii mlalo. Kani moja. Momenti kwenye bawaba: 12 × 2 = 24, gawanya kwa 6, rola inabeba kN 4, bawaba inabeba 8. Mistari mitatu, na mimi nilitoka chumbani nikijiambia kwamba uhandisi si wangu.

Kwa hiyo majedwali ya maegemeo usiyakariri. Shika kalamu kwenye ncha yake kwa vidole viwili, kilegevu, sukuma ile ncha nyingine: haiendi mbele wala nyuma lakini inazunguka. Hiyo ni bawaba, kani mbili, hakuna momenti. Sasa ishike ncha hiyohiyo kwa ngumi nzima ukaze, usukume tena. Haiendi na haizunguki, na unausikia mkono ukishindana na kuzunguka. Hiyo ni bimu iliyozamishwa ukutani: kani mbili na momenti moja. Kilichozuiwa ndicho kinachopata mshale.

(b) sitakufanyia. Ifanye ulete hapa.

---

chumanazege amejibu:

Dada Penseli amemaliza, naongeza jambo moja kutoka kazini, maana mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kudhani kuchora ni adabu ya darasani tu. Mimi ni mhandisi wa majengo ya chuma na hadi leo mahesabu yanapoletwa mezani kwangu nafungua kwanza ukurasa wa michoro. Usipokuwepo narudisha.

Tarehe 17 Julai 1981, mjini Kansas City, Marekani, ndani ya hoteli ya Hyatt Regency, madaraja mawili ya watembea kwa miguu yaliyoning'inia moja juu ya jingine yalianguka ukumbini watu wakiwa wamejaa. Walikufa 114 na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Nataka ujue kwamba kiini cha ajali ile ni swali la statiki ya mwaka wa kwanza. Hakuna hesabu ngumu ndani yake.

Usanifu wa kwanza ulikuwa na fimbo ndefu za chuma kutoka darini. Kila fimbo inapita kwenye bimu ya daraja la juu, inaendelea bila kukatika hadi daraja la chini, na chini ya kila bimu kuna nati inayoibeba. Baadaye ikabadilishwa: fimbo ya kwanza ikaishia kwenye daraja la juu, na fimbo ya pili ikaanzia kwenye bimu ya daraja hilohilo kwenda chini. Ilikuwa rahisi zaidi kutengeneza na kufunga, maana fimbo moja ndefu ilihitaji kukatwa hesi kwa urefu mkubwa ili nati ya juu ifike mahali pake.

Sasa kata. Chukua bimu ya daraja la juu peke yake, karibu na fimbo moja. Sema kila daraja linaleta mzigo P kwenye fimbo hiyo. Kwenye usanifu wa kwanza tembeza kidole: mzigo wa daraja lenyewe, P, unashuka, nati iliyo chini ya bimu inasukuma juu. Daraja la chini halimo, kwa sababu uzito wake unapita ndani ya fimbo bila kuigusa bimu hii. Nati inabeba P. Kwenye usanifu uliobadilishwa tembeza kidole tena: P ya daraja lenyewe inashuka, na nati ya fimbo ya pili, iliyokaa juu ya bimu, nayo inaikandamiza bimu kwa P. Kwa hiyo nati ya fimbo ya kwanza lazima isukume kwa 2P. Mzigo wa ungio umekuwa mara mbili.

Na ona jinsi ilivyojificha: fimbo inayotoka darini inabeba 2P katika hali zote mbili. Ukiangalia fimbo hutaona tofauti yoyote. Ukiangalia jengo zima uzito ni uleule. Tofauti inaonekana tu ukiitenga ile bimu moja. Siku ile nati zilipasua bimu zikapita. Uchunguzi ulionyesha kwamba hata usanifu wa kwanza haukufikia kiwango kilichotakiwa na kanuni za ujenzi za mji, mabadiliko yale yakamaliza kilichokuwa kimebaki.

Huwa ninaichora ile bimu kila ninapopokea kijana mpya kazini. Nachora mbele yake, halafu nampa penseli achore ya pili.

---

mwakawakwanza amejibu:

Dada Penseli, kaka chumanazege, asanteni sana. Nimefanya ya karatasi nyembamba. Nimechora ngazi peke yake, na kwa mara ya kwanza nimeona kwamba ile mishale minne ingetosha. Niliangalia ile karatasi muda mrefu. Bimu ya hoteli nayo nimeichora zote mbili, na ya pili nilianza kwa kusahau ile nati ya juu. Kidole kilipofika pale ndipo nikaiona.

Hii hapa (b). Mwili huru ni ngazi (mtu nimemwondoa, nimeweka 600 chini mahali aliposimama). Wima: N = 200 + 600 = 800. Swali linasema kabla haijateleza, kwa hiyo iko ukingoni, hapa naruhusiwa: F = 0.5 × 800 = 400. Mlalo: ukuta = 400. Momenti kwenye mguu: 400 × 4 = 200 × 1.5 + 600 × x. Yaani 1600 = 300 + 600x, x = 2.17. Kwa hiyo mtu atafika mita 2.17 kwenye ngazi.

Kumbe ile 400 ya kwenye testi ilikuwa sahihi, ila sikujua ni kwa nini ni sahihi pale na si sahihi kwenye (a). Na mlinganyo wenye umbali ni wa momenti, nilikuwa nao daftarini muda wote.

Swali jingine: wiki ijayo tunaanza kenchi. Mtu akiniambia nitenge mwili, kwenye kenchi nitenge nini, wakati vipande ni vingi?

---

Penseli_HB amejibu:

Vizuri sana. Nimefurahi hasa uliposema kwa nini 400 inaruhusiwa.

Umekosea kitu kimoja na ningekukata alama moja. Rudi kwenye mchoro wako uniambie x uliipima wapi. Mkono wa momenti wa uzito ni umbali wa mlalo, ndivyo ulivyofanya kwa 1.5. Kwa hiyo 2.17 ni mlalo pia, kutoka mguuni kuelekea ukutani. Swali linauliza umbali juu ya ngazi. Ngazi ina mita 5 kwa kila mita 3 za mlalo: 2.17 × 5/3, unapata kama mita 3.6. Amepita katikati kwa zaidi ya mita moja lakini hatafika juu. Kuanzia leo kila x utakayoandika iwe na mshale wake kwenye mchoro unaoonyesha imeanzia wapi na kuishia wapi.

Jipime pia kwa (a): mtu akisimama mguuni kabisa, x ni sifuri, ukuta unarudi kuwa 75 na kikomo cha msuguano ni 400. Yuko salama. Akipanda, ukuta unazidi kusukuma lakini kikomo kinabaki 400 palepale. Ndiyo maana ngazi huteleza mtu akiwa juu na si akiwa chini. Usiposikia namba zikikuambia kitu kama hicho, bado hujamaliza swali.

Kenchi namwachia chumanazege, ni kazi yake ya kila siku.

---

chumanazege amejibu:

Kenchi ni kazi ileile ya kukata, ila unachagua mahali pa kukatia. Ukikata kuzunguka ungio moja, mwili wako ni nukta: kani zote zinapita hapo, momenti haikusaidii, una milinganyo miwili tu, kwa hiyo anza kwenye ungio lenye vipande visivyojulikana visivyozidi viwili. Ukikata kenchi nzima vipande viwili kama mkate, mwili wako ni upande mmoja wote, na momenti inarudi. Hiyo ya pili inafaa ukitaka kipande kimoja cha katikati bila kupita maungio yote.

Mfano mdogo kabisa. Pembetatu: A kushoto kwenye bawaba, B kulia kwenye rola, kati yao mita 4. C iko juu, katikati, kimo mita 1.5. Mzigo kN 6 unashuka kwenye C. Kila egemeo linabeba 3. Kipande AC kina urefu wa mita 2.5, kwa hiyo wima wake ni 1.5/2.5 na mlalo wake 2/2.5. Kata kuzunguka A. Chora vipande vyote viwili vikilivuta ungio, yaani mishale ikitoka nje ya A, hata kama unahisi kimoja kinasukuma. Wima: 3 + 0.6 × AC = 0, AC = −5. Mlalo: AB + 0.8 × (−5) = 0, AB = 4.

Ile hasi usiiogope na usirudi kuufuta mshale. Inasema tu kwamba ulidhani AC inavutwa, kumbe inagandamizwa. Ukigeuza mshale katikati ya hesabu na hasi ukaibakiza, ungio linalofuata litaharibika lote.

Na kabla ya kuanza hesabu kenchi ihesabu kwanza: vipande jumlisha 3 ilingane na maungio mara 2. Hapa 3 + 3 = 6, na 3 × 2 = 6. Upande wa vipande ukipungua, kenchi haiwezi kusimama. Ukizidi, milinganyo ya statiki peke yake haitatosha, na hayo mtayafikia mwaka wa pili.

---

msuli247 amejibu:

Nimejifunza hapa. Mimi hiyo ya hasi nilikuwa naibadilisha katikati miaka yote, na majibu yalikuwa yanatoka mara moja moja tu. Sikujua shida iko hapo.

---

mwakawakwanza amejibu:

Mita 3.6, nimeiona. x yangu sasa ina mshale.

Nimefanya ile pembetatu kuanzia B badala ya A kuhakikisha, BC imetoka −5 na AB 4, zinalingana. Halafu nikakata kuzunguka C bila kuangalia majibu: AC na BC zote zinasukuma juu, 0.6 × 5 mara mbili ni 6, mzigo umebebwa.

La mwisho, niwaache mpumzike. Kwenye mtihani, jibu la mwisho niandike −5 au 5?

---

Penseli_HB amejibu:

Andika "AC = kN 5, mgandamizo". Atakayenunua chuma kwa jibu lako anahitaji kujua kipande kinasukumwa au kinavutwa, maana kipande chembamba kinachosukumwa kinaweza kupinda kabla hakijafika nguvu yake, na kinachovutwa hakipindi hivyo. Alama ya hasi yeye haimwambii chochote kama hajui ulichora mishale kuelekea wapi. Mchoro wako ubaki pembeni ya jibu, usiufute hata kama umechafuka.